Frigoliti Iliyokuwa Juu ya Kitanda cha Kambo

Papa,

Mwalimu wetu wa Kifaransa anasema barua kwa mzazi inaanza na cher papa. Katika shule ya msingi, kwa Kiswahili, walitufundisha kuandika baba mpendwa. Nimejaribu zote mbili kwenye karatasi ya rafu na zote mbili nimezikata kwa mstari. Kwa hiyo utabaki Papa na mkato. Huo mkato wenyewe nimekuwekea kwa adabu tu.

Unajua mimi si mtu wa kusema. Ulikuwa unawaambia wageni, "Huyu wangu, ukimukanyaga mu kiguu, ni yeye ataomba pardon," na wageni wanacheka, na mimi naangalia vidole vyangu vya miguu. Ndivyo nilivyo. Nikiitwa ubaoni, mwili unaenda, sauti inabaki kwenye kiti. Lakini kwenye karatasi hakuna anayeniangalia, na leo siombi pardon.

Unakumbuka tulivyoishi kabla ya plafoni? Wewe ulikuwa fundi wa plafoni, ukifunga dari za nyumba kubwa mjini, na kwetu Katuba tulilala chini ya mabati matupu, manjanja yenyewe. Mwezi wa sita ukifika, pumzi zetu zilipanda juu, zikagusa chuma baridi, zikaturudia matone. Kambo, mama yake mama, aliamka na blanketi limelowa begani. Alikuwa anasema, "Leo tena mvua ya mu nyumba," bila kulalamika, kama mtu anayetoa habari. Mama ndiye aliyekuwa analalamika, tena mbele ya majirani ili usikie vizuri: "Eti fundi ya plafond! Muke yake analala na manjanja ku pua!"

Ndipo siku moja ukarudi na mkokoteni umejaa frigoliti, zile bamba nyeupe, nyepesi, ambazo wanafungia mashine ili zisivunjike njiani. Mahali ulipokuwa unafanya kazi walikuwa wanazitupa. Ulizikata kwa msumeno uani, na punje zake ndogo zikaruka zikashika kila kitu: nywele zangu, sweta la mama, mgongo wa mbuzi wa Mama Odette wa jirani. Punje za frigoliti ukizipangusa zinahamia mkononi, ukipangusa mkono zinarudi kwenye sweta. Tulicheka sana siku ile. Ulipiga tripleksi, zile mbao nyembamba za dari, ukapanga frigoliti juu yake, nene, bila kuacha nafasi, ukaanzia chumba cha kambo. "Mbele ya mama mukwe," ulisema, "ju ni yeye atanishitaki ku Mungu." Kisha ukaacha kamlango kadogo juu ya korido, pa kupitia mtu akitaka kuangalia.

Na ukanifundisha kuangalia. Hilo ndilo linaloniuma, Papa. Ungekuwa umenifundisha kitu kingine, kuendesha baiskeli, kusonga bukari, ugali wetu, nisingekuandikia leo.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, jua linaanza tu. Ulinipandisha kwenye ukuta wa kisima cha Mama Odette, ukanishika kiuno, ukasema, "Angalia manjanja ya bantu." Niliangalia avenue nzima. Mabati ya nyumba nyingine yalikuwa meusi, yameshaanza kukauka, mengine yanatoa mvuke. Letu peke yake lilikuwa jeupe, umande umelala juu yake kama mtu amepepeta unga.

"Papa," nikasema, "yetu njo iko na baridi kupita zote."

Ulicheka mpaka nikahofia tutaanguka. "Njo vile bantu yote banasema! Banajidanganya. Manjanja yenye kukauka mbio, ni moto ya mu nyumba inaikausha. Moto imetoroka. Yetu iko mweupe ju moto imebakia ndani na benyewe."

Mama Odette alikuwa chini anafagia. Akainua kichwa. "Papa Neema! Manjanja yenu iko sawa frigo! Mutakufa na baridi!"

"Mama Odette, kuya ulale kwetu siku moja, utavua mpaka foulard ya kichwa!"

"Mama Neema! Unasikia? Bwana yako ananiita!"

Na mama kutoka jikoni: "Umuchukue! Lakini hapana kumurudisha!"

Ukanishusha, tukaingia ndani, ukanionyesha mengine. Kuweka mgongo wa mkono kwenye tripleksi asubuhi, kwa sababu kiganja ni kigumu na kinadanganya. Kugonga kwa mpini wa ufagio na kusikiliza: palipo na frigoliti panajibu dup, kama mtu mwenye shibe, pasipo na kitu panajibu ta-ta, kama bakuli. Kila kipupwe tulikagua mimi na wewe, chumba kwa chumba, na ulikuwa unasema kwa sauti ya daktari, "Huyu mgonjwa anapumua." Nilikupenda asubuhi zile. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na inanikera kwamba ni kweli.

Mwaka huu, mvua zikiwa bado zinanyesha, ulisema umepata kazi Mokambo, mpakani, nyumba ya mfanyabiashara, vyumba vingi. Mama alikufungia unga na samaki wakavu. Miezi ikapita.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano ukabisha hodi, na mkokoteni na ngazi yako ya kazi. Mama na kambo walikuwa wamekwenda kwenye kilio Kasomeno, na Mama Odette pamoja nao. Mjomba Ngoie, mdogo wake mama anayekaa nasi, alikuwa sokoni anatengeneza baiskeli za watu. Mimi nilikuwa nafua. Sweta langu lilikuwa kwenye beseni, baridi ya kwanza imeanza kuuma, kwa hiyo nilivaa jaketi la mjomba, lile la sufu la rangi ya kahawa linalotundikwa nyuma ya mlango.

"Eh, Neema! Uko peke?"

"Ndiyo, papa. Mama na kambo balienda ku kilio, Kasomeno."

"Najua," ukasema.

Sikulisikia neno lile. Maana yake naisikia sasa, kila siku, kama mtu anagonga tripleksi tupu. Ulijua. Ulikuwa umechagua siku.

Ulisema frigoliti imezeeka, panya wameitoboa, umepata nyingine nene zaidi huko kazini na utaileta. "Tunatosha hii mbele. Shika ngazi." Nikashika. Ukaingia kwenye kamlango kuzitoa, nikaona miguu yako inapotelea upande wa chumba cha kambo, na bamba moja moja zikashuka mikononi mwangu, nyepesi, punje zikininyeshea kichwani na mabegani. Nilikuwa na furaha, Papa. Nataka ulijue hilo, lisikupite. Nilikuwa nimekukosa miezi mingi, na sasa tunafanya kazi pamoja kama zamani, mimi mtoto wako wa kukagua. Nilikuwa naimba polepole. Nilikusaidia kupakia mkokoteni mpaka mwisho. Ulinifagilisha korido mara mbili. "Mama yako hapendi uchafu," ulisema.

Mlangoni ukaweka kidole mdomoni. "Usiseme ku mama. Ni surprise."

Neno la Kifaransa, zuri, la siku ya kuzaliwa. Nikatundika jaketi la mjomba nyuma ya mlango, nikaendelea kufua. Na nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza ndicho kitu ninachokiweza kuliko watoto wote wa Katuba.

Mwezi wa sita ukaingia. Surprise haikuja. Nilikuandikia ujumbe kwa simu ya mama, ukajibu bientôt, karibuni. Nikaandika tena, ukajibu kwa picha ya kidole gumba.

Baridi ya mwaka huu unaijua, hata kama hukuisikia. Matone yalirudi, sasa yanapita kwenye maungo ya tripleksi na kuacha madoa ya rangi ya chai juu ya kitanda cha kambo. Akaanza kukohoa. Mama akawa anaingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani kwake alfajiri, makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, anafunga mlango ili moto usitoke. Asubuhi moja nilimpelekea kambo chai nikamkuta macho wazi, anazungumza na mtu ambaye hayupo, ulimi mzito, hawezi kuinua kichwa. Nilipiga kelele. Mimi! Mama na Mama Odette wakambeba mpaka uani, na hewa ya baridi ndiyo iliyomrudisha.

Muuguzi wa kituo cha karibu alimkemea mama kama mtoto. "Mbabula mu chumba ya kufungwa inaua bila kelele, mama. Hapana moshi, lakini sumu iko. Mufunge plafond muzuri, muache makala inje."

"Plafond iko," mama akasema, amekasirika. "Bwana yangu ni fundi ya plafond."

"Basi mukague. Pale juu haiko sawa."

Tulipofika nyumbani mama alinipa ufagio. "Weye njo unajua mambo ya papa yako. Kagua."

Sasa hapa, Papa, ndipo palipo na aibu yangu, na sitaificha nyuma ya yako. Nilikuwa najua jibu kabla ya kuinua mkono. Hata hivyo nilikagua, kwa utaratibu uleule, kwa sababu mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Niliweka mgongo wa mkono kwenye tripleksi: baridi kama sahani. Nilitoka uani nikaangalia bati letu: jeusi, limekauka, jua halijafika hata kwenye ukuta wa Mama Odette. Nikarudi nikagonga kwa mpini wa ufagio juu ya kitanda cha kambo. Ta-ta. Nikagonga kwenye kona. Ta-ta. Nyumba nzima ilikuwa inamwambia mama, lakini mama hajui lugha ile. Uliifundisha kwangu peke yangu.

"Iko?" mama akauliza.

"Iko, mama."

"Yote?"

"Yote. Ni baridi tu ya mwaka hii."

Niliona uso wake unalegea, akaniamini. Hakuna mtu aliyewahi kuniona nikidanganya, kwa sababu hakuna mtu anayenisikia nikisema. Nilijiambia surprise itafika wiki hii, itafika kabla mtu hajajua kwamba haikuwepo, na nitakuwa sijadanganya, nitakuwa nimewahi tu.

Mama akaacha mbabula, akawa analala amemkumbatia kambo. Kikohozi hakikuacha. Siku ya nne aliazima ngazi kwa Mama Odette, akafunga kitenge kiunoni, akapanda mwenyewe. Nilimwona kichwa kinapotelea kwenye kamlango. Nilisikia viganja vyake vinapapasa tripleksi. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele.

"Haiko," akasema. "Hata moja."

Akaniangalia. Nikaangalia vidole vya miguu yangu, kama kawaida, na kwa kuwa ni kawaida hakuona kitu. Akadhani ufagio wangu umekosea, mimi ni mtoto. Akaanza kufikiri kwa sauti: nani anabaki hapa wakati tukitoka? Nani anakuja na marafiki? Mama Odette, aliyekuja kuifuata ngazi yake, akawa amesimama karibu na mlango. Akavuta mkono wa jaketi la mjomba, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama Neema. Kuya uone."

Punje nyeupe. Kwenye mabega, kwenye kola, ndani ya mifuko. Sufu inazishika, unakumbuka.

Mjomba Ngoie aliporudi kutoka sokoni jioni ile, mikono myeusi ya grisi, mama alikuwa anamngoja na jaketi limetandikwa juu ya meza.

"Hii ni nini?"

"Ni jaketi yangu, yaya," akamwambia dada yake.

"Na hii ya mweupe?"

Mjomba akainama, akachukua punje moja kwa ukucha, akaiangalia. Kisha akaniangalia mimi. Anajua nani anavaa jaketi lake akiwa hayupo. Amenikuta nalo mara ngapi, akasema tu, "Inakufikia mpaka mu magoti, weye sista." Aliniangalia, nikaona kwamba ameelewa. Alikuwa ananipa nafasi. Ilikuwa nafasi pana sana, Papa, ningeweza kupita nayo na mkokoteni. Nikanyamaza.

"Yaya," akasema kwa mama, "miye nitasema nini?"

"Sema uliuzisha wapi! Sema! Mama yako anakohoa juu ya kitanda, umeuzisha joto yake!"

"Sikuuzisha kitu."

"Basi nani? Panya balivaa jaketi?"

Mama Odette akacheka kidogo, akaona si mahali pake, akatoka. Mama akamwonyesha mlango. Mjomba alikusanya nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Akaenda kumsalimia kambo kwanza, akamfunika vizuri miguu, akamwambia amepata kazi mbali. Jaketi aliliacha mezani. Alitoka na shati tu.

Kutoka siku ile kambo anauliza kila asubuhi, "Mutoto yangu iko wapi? Ngoie iko wapi?" Mama anatoka chumbani. Mimi ndiye ninayebaki na swali.

Ndipo Nathalie wa darasani akaniambia, huku anakula, bila ubaya wowote: "Nilimuona papa yako Ruashi. Karibu na kwa shangazi. Anamalizia nyumba."

"Anafanya kazi kule?"

"Hapana. Ya kwake."

Jumamosi iliyofuata nilimdanganya mama tena, nikasema nina masomo, nikapanda basi la kwanza. Sikujua avenue wala namba. Sikuvihitaji. Nilitembea kwenye zile nyumba mpya, matofali bado mekundu, upande ule ambako unasikia magari ya mgodi, na nikaangalia mabati. Jeusi, jeusi, linatoa mvuke, jeusi. Kisha moja, mwisho wa barabara, jeupe kutoka juu mpaka ukingoni, umande umelala bila wasiwasi na jua limeshapanda. Nilisimama mbele ya nyumba ile. Nilikuwa nimekagua vizuri. Ningekuwa kazini ungenisifu.

Mama mmoja alikuwa anakaanga mikate kando ya njia. Nikajikaza. "Mama, ile nyumba ni ya Papa Neema?"

"Papa Neema? Hapana. Ile ni ya Papa Christian." Akageuza mkate. "Bana raha bale. Mutoto yao mudogo analala bila shuka. Na hii baridi!"

Mlango ukafunguka ukatoka wewe, na singleti. Mikono wazi! Mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili na kitenge. Ulitoka kumwaga maji, unajinyoosha, mwili wako bado una joto la ndani, niliuona mvuke kwenye mabega yako. Ukaniona.

Hukushtuka sana. Ulikuja mpaka kwenye ua, ukasema kwa sauti ya chini, "Eh, Neema. Uko natafuta nini huku?"

Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye basi. Kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Nikasema, "Nilikuwa napita tu."

"Kambo iko muzuri?"

"Anakohoa."

"Ni baridi." Ukaangalia nyuma, kwenye mlango. "Ulisema kitu ku mama?"

"Hapana."

Ukaniwekea mkono kichwani, mkono wa moto. "Voilà mutoto yangu," ukasema. Ukarudi ndani ukafunga mlango vizuri ili baridi isiingie.

Papa, nimesifiwa mara chache. Mwalimu wa Kifaransa alinisifu kwa herufi. Mjomba alinisifu kwa ugali usio na madonge. Na wewe ulinisifu kwa lile, kwa kumwacha kambo akohoe na mjomba alale nje ya kwao, mbele ya mlango uliofungwa na frigoliti yetu juu yake. Nilikwenda mpaka kituo cha basi bila kujua nimepitia wapi. Hasira ilikuja polepole, kama maji kwenye sufuria kubwa, lakini imekuja na haijapoa. Sikuchukii kwa sababu ya yule mama wa Ruashi. Simjui. Pengine naye umemwambia umenunua. Sikuchukii hata kwa kuondoka. Wababa wengine wa Katuba wameondoka na maisha yakaendelea. Nakuchukia kwa sababu ulimtafuta mtu mmoja nyumbani ambaye hatasema, ukamkuta ni mimi, ukanitumia kama unavyotumia ngazi. Ulijua udhaifu wangu tangu nilipokuwa mdogo, ukaufanyia kazi. Kama ningekuwa na mdomo wa Mama Odette, kambo angekuwa na joto.

Na huwezi kusema hukujua. Fundi mwingine angeweza kusema sikujua baridi itakuwa kali, sikujua matone yatarudi. Wewe uliweka frigoliti kuanzia chumba chake, na ukaanza kuitoa hapohapo, juu ya kitanda chake, kwa sababu ndipo ulipoiweka nene zaidi. Nilikuwa chini yako, niliona zilivyoshuka.

Barua hii niliianza kwa Kifaransa. Hasira kwa Kifaransa inakuja imevaa viatu, unajisikia mkubwa. Nikaandika kurasa mbili. Kisha nikafikiri: nani atazisoma? Wewe ungezisoma, ungezikunja, ungesema Neema anaandika vizuri siku hizi. Mama Kifaransa anakisikia kwa sikio tu, kwenye karatasi kinamshinda. Kiswahili alijifunza kusoma kwa masista, anasoma bila kufuata kwa kidole. Nikachana zile mbili nikaanza upya. Umeshaelewa, Papa. Nimekuandikia wewe, lakini niliandika ili asome yeye.

Nilipofika hapo, kwenye "ili asome yeye", niliacha kalamu. Nilimkuta mama jikoni anachambua maharage, saa tisa ya mchana, nikaweka karatasi juu ya sinia. Sikuweza kusema hata "soma." Alisoma amesimama. Akakaa. Akarudia ukurasa wa jaketi. Maharage yalikuwa yanateleza sakafuni na hakuyaokota.

"Ni weye ulivaa?"

"Ndiyo, mama."

Nilingoja kofi. Ningelipokea, nilikuwa nimeshakunja uso. Mama akasema, "Vaa viatu."

Mjomba analala kwa rafiki yake nyuma ya soko, kwenye kibanda cha vipuri. Tulimkuta amepiga magoti mbele ya gurudumu, shati lilelile. Mama hakumpa karatasi. Alinisukuma mbele. "Sema," akaniambia. "Na kinywa."

Nilidhani nitakufa. Wateja wawili walikuwepo, na mtu wa vocha. Nikasema, na sauti safari hii haikubaki nyuma: "Yomba, ni miye nilivaa jaketi. Nilishika ngazi. Papa njo alitosha frigolite. Weye haukufanya kitu."

Mjomba akaendelea kuzungusha gurudumu. "Minajua," akasema.

"Ju ya nini haukusema?" Mama alikuwa analia, na mama akilia anafoka. "Ju ya nini ulikubali nikufukuze sawa mwizi?"

"Yaya, ungemupiga. Na yeye hana mutu mwingine wa kumusemea." Akafuta mikono. "Nilisema, atasema siku moja. Lakini ulikawia, sista. Nilisikia baridi, kweli."

Mama akapiga magoti palepale kwenye grisi, mbele ya mdogo wake. Sitaandika alichosema, hicho si chako. Mjomba alimwinua haraka, anaona haya kwa watu. Tulirudi naye. Kambo alipomwona alisema, "Ulienda kazi mbali, unarudia mukonde," akamwomba amkune mgongo, na asubuhi ya leo hakuuliza kitu.

Sasa sikiliza. Frigoliti hatuitaki tena. Mjomba ameleta magunia na maboksi, amesema mpaka kipupwe kiishe yatatosha, na mwakani tutaona. Usije kuirudisha kwa huruma wala kwa aibu. Mtoto mdogo analala chini yake, na yeye hajakukosea, kama mimi sikuwa nimekukosea. Ukiipata simu ya mama imefungwa, imefungwa. Sikutakii mabaya makubwa. Nakutakia tu usingizi mwepesi.

Nilitaka kuituma barua hii kwa Nathalie, aipitishe kwa shangazi yake. Mama amekataa. Atakuletea yeye mwenyewe, Jumamosi, mchana, watu wakiwa nje. Na hatakupa mkononi. Amesema ataisoma hapo mbele ya nyumba, kuanzia mkato mpaka jina, kwa sauti ile anayoimbia kanisani wakati wa matoleo. Unaijua sauti ile, haihitaji mikro. Kwa hiyo kama umefika mstari huu, Papa, yule mama wa mikate naye amefika, na Mama Christian aliye mlangoni, na avenue nzima. Usiniangalie mimi. Au niangalie. Nimesimama hapa kando ya mama, na siangalii chini.

Kwaheri.

Mtoto wako wa kwanza,
Neema